Komite ya Kuzaa kwa Utaratibu

Pu!

Kitu kizito kilidondoka gizani, kikabiringika sakafuni, kikagonga mguu wa kitanda na kutulia.

"Wa ngapi huyo?" Chola aliuliza kutoka ndani ya blanketi.

"Wa tatu," mkewe Clotilde alijibu kwa sauti ndogo.

"Tangu jana?"

"Tangu niamke."

Chola alilifikiria jambo hilo. Alikuwa mtu wa zamu, hakuzoea kufikiri kabla ya honi ya kiwanda kulia. "Basi muzuri uko unasoma, Mama Annie," alisema, akajifunika kichwa.

Clotilde alipapasa chini ya kitanda, akalitoa boga, akalipangusa vumbi na kuliomba radhi. Boga lilikuwa mtoto. Kikapu kilichotobolewa kitako, alichokifunga kwa kamba kwenye kiti, kilikuwa mama. Yeye mwenyewe alikuwa mkunga, au angekuwa mkunga jioni ile kama mtihani ungekwenda vizuri, maana siku yenyewe ilikuwa imefika na bado watoto walikuwa wanamponyoka.

Aliyazoea maboga kuliko watu, na kosa halikuwa lake. Ndivyo kozi ilivyotaka.

Mwaka ule wa hamsini na moja, kwenye kambi moja ya wafanyakazi pale Elisabethville, tangazo kubwa lilipigiliwa misumari minne kwenye mlango wa materniti, nyumba ya kuzalia. Liliandikwa kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiswahili cha watu wasioandikiwa mara nyingi: *Komite ya Juu ya Kuzaa kwa Utaratibu inawajulisha akina mama wote kwamba kuanzia tarehe moja, kuzaa kutafanyika.* Akina mama walisimama wakalisikiliza likisomwa. Wengine walikuwa na watoto wawili mgongoni na pembeni, mwingine alikuwa na saba nyumbani. Walitazamana, wakashukuru. Kumbe yote yale ya nyuma yalikuwa mazoezi.

Prezida wa Komite alikuwa Bwana Adalbert, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Mustari, kwa sababu alitembea na rula mfukoni na hakupenda kitu chochote kilichopinda. Yeye ndiye aliyeandika Muongozo wenye vifungu thelathini, na yeye ndiye aliyeagiza Meza. Meza ilikuwa ya chuma, ndefu, nyembamba, imeinuka hadi kifuani mwa mtu mzima, na mbele ilikuwa na vyuma viwili vya kuwekea miguu, na mikanda ya ngozi ili miguu isibadili mawazo. Mtoto halali alizaliwa juu ya Meza. Mtoto aliyezaliwa kwingine aliandikwa katika daftari la pili, chini ya maneno "Mahali Pengine".

Akina mama wa kambi nao walikuwa na namna yao. Uchungu ukianza, mwanamke alikuja na mama yake au mkwe wake, akazunguka uzio wa materniti, polepole, anasimama, anashika nguzo, anaendelea. Waliingia ndani pale tu mtoto alipokuwa amekwisha kuamua. Hivyo wakazalia ngazini, barazani, mlangoni, na mmoja ndani ya ofisi ya karani. Baada ya miezi sita madaftari yalihesabiwa. Juu ya Meza: wawili. Mahali Pengine: sitini na wanne. Komite iliwaandikia barua watoto wale sitini na wanne, kupitia wazazi wao, wajieleze.

Ndipo ikaamuliwa kwamba tatizo si Meza. Tatizo ni kukosekana kwa wakunga waliofunzwa kuipenda. Wakachaguliwa wanawake sita wanaojua kusoma, na Clotilde akawa mmoja wao, kwa kuwa alisoma shule ya jioni miaka miwili akiwa na mwanawe Annie mgongoni, na mpaka leo Annie akisikia harufu ya chaki anasinzia.

Clotilde hakuwa mtu wa kujificha: cheo kilimpanda kichwani kabla hakijafika. Alianza kunywa chai na kidole kimoja juu. Alimwambia jirani yake kwamba yeye sasa hasemi "mimba", anasema "hali". Alipoulizwa kama amekwisha kumzalisha mtu, alijibu kwamba wako bado kwenye nadharia, na jirani akampa pole, akidhani ni ugonjwa.

Mwalimu wao alikuwa Musie Stanislas, muuguzi mzee kutoka kaskazini, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ishirini na miwili ilikuwa miaka yake ya kazi. Miaka hiyo yote alikuwa anatii, na alitii vizuri, kama fundi. Siku ya kwanza aliwasomea Kifungu cha kwanza: uzoefu wa mwanafunzi wa kuzaa yeye mwenyewe hauhesabiwi. Clotilde, aliyemzaa Annie kwa siku mbili na usiku mmoja, aliinamisha kichwa akaandika: *hauhesabiwi*.

Hawakuruhusiwa kumgusa mwanamke mwenye uchungu kabla ya kupata breve, yaani cheti cha ukunga. Walijifunza kwa kiuno cha mbao, mali ya Serikali, na mtoto wa kitambaa mwenye mhuri tumboni. Walikariri vifungu. Cha tatu: mtoto apokelewe kutoka upande wa kuume wa jukwaa. Cha tano: kinachofika bila karatasi kiwekwe kando mpaka karatasi ifike. Cha sita: kichwa kielekee upande wa mshale. Cha tisa: aliyepanda Meza asishuke kabla kazi haijaisha na fomu kutiwa saini, hata akiomba. Cha kumi: asipewe maji. Cha kumi na moja kilipiga marufuku kile walichokiita Tabia ya Kuungamisha. Maana wamama wa kambi, Waluba kwa Wabemba, uchungu ukikawia walimuuliza mwanamke anaficha nini; akisema, njia hufunguka. Kifungu kilisema hakuna ruhusa ya kumuuliza mzazi mambo ya siri, isipokuwa karani.

Clotilde alivijua vyote thelathini kwa moyo. Mshale tu ndio uliomsumbua. Aliutafuta kwenye kiuno cha mbao, akautafuta usiku mmoja kwenye mwili wake mwenyewe kwa kioo cha Chola cha kunyolea, asiuone. Alijilaumu. Aliona ni ujinga wa mtu aliyesoma jioni.

Jambo moja tu lilikuwa nje ya Muongozo. Jioni moja, wengine wakiwa wamekwisha toka, Musie Stanislas alifunga mlango, akamlaza mtoto wa kitambaa mezani, akasema bila kumtazama yeyote: "Hii haimo mu kitabu. Mutoto anaweza kutoka kimya. Mukaushe. Mupanguse kinywa. Musugue mugongo, nguvu kidogo. Kama bado, weka kinywa yako juu ya kinywa na pua yake, pulizia hewa ya mashavu tu, haba haba. Haya, wende nyumbani." Clotilde alikuwa peke yake mle ndani, amerudia kitenge alichokisahau. Aliyasikia yote, ila hakuyaandika, kwa kuwa hayakuwa na namba.

Saa mbili na nusu asubuhi ya mtihani alifika materniti amemshika Annie mkono. Annie alikuwa na miaka minne, na hakukuwa na mtu wa kumwachia. Akamkalisha kwenye kizingiti na hindi la kuchoma. Ndani, Musie Stanislas alikuwa amesimama mbele ya ndoo ya vumbi.

"Kiuno cha Serikali," alisema, "kimeliwa na muchwa. Nilitoa ripoti kwa kopi tatu."

"Na Komite ilisema nini, Musie?"

"Kopi moja nayo bamekula."

Saa tatu kamili Bwana Adalbert aliingia na kofia yake nyeupe na rula yake. Aliambiwa habari ya kiuno. Aliambiwa pia kwamba nje, kandokando ya uzio, kuna mwanamke aitwaye Brigitte anayezunguka na mama yake tangu alfajiri, na hataki kuingia.

"Kwa nini?"

"Anaogopa Meza, Bwana Prezida."

Bwana Adalbert aliwatazama wanafunzi wale sita kwa huruma ya mtu anayejua. "Meza hii," alisema, "imepimwa. Imechorwa. Mtu akilala hapa, analala kama kwenye hoteli. Hamna kiuno? Nitapanda mimi. Mtafanyia mtihani kwangu, na yule mwanamke aitwe aone."

Alivua kofia. Stanislas aliweka kigoda. Bwana Adalbert alipanda, akalala chali, akanyoosha miguu hewani mmoja mmoja, na Stanislas akaifunga kwa mikanda, kila mmoja tundu la tatu, kama Kifungu cha nane kinavyotaka.

"Mnaona?" Prezida aliiuliza dari.

Kisha akajiweka sawa kidogo, na kitu mgongoni mwake kikasema *kwi*.

Rangi ilimtoka. Alijaribu kuinua kichwa, akakirudisha. Alijaribu mguu, mkanda ukakataa. "Stanislas," alisema kwa sauti ya chini sana, "nishushe."

Musie Stanislas aliufungua Muongozo, ingawa hakuhitaji. "Kifungu cha tisa, Bwana Prezida. Aliyepanda asishuke kabla kazi haijaisha."

"Mimi ndiye niliyekiandika!"

"Ndiyo, Bwana. Kimeandikwa muzuri. Kinasema: hata akiomba."

Clotilde alimtazama mwalimu wake. Uso ule haukuwa na kicheko hata cha dawa. Alikuwa anatii.

"Basi maji."

"Kifungu cha kumi," wanafunzi wote sita walijibu kwa pamoja, maana walidhani mtihani umeanza.

Ukaanza kweli. Mwanafunzi mmoja mmoja alisogea, akampokea mtoto wa kitambaa kutoka upande wa kuume wa jukwaa, huku Prezida akiuma meno na kusema "Bon" kila alipopumua. Watano walipita. Ilipofika zamu ya Clotilde, mlango ukafunguka, na Brigitte akaingia ameegemea bega la mama yake, kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kuamua.

Mama yake aliitwa Ngalula, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Kasai, mwanamke mpana mwenye sauti ya sokoni. Alisimama. Aliitazama Meza, miguu miwili ya soksi hewani, jasho, mkoromo.

"Na huyu naye iko nazaa?"

"Ni mutihani, mama," Stanislas alisema.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

Ngalula aliangalia jua dirishani. Lilikuwa limepita saa tano. "Na bado? Basi iko kitu anaficha."

Akamkalisha binti yake kwenye benchi, akamwambia apumue, akaenda kichwani pa Meza. Clotilde alifungua kinywa kutaja Kifungu cha kumi na moja. Kinywa kilibaki wazi, kwa kuwa aligundua kwamba anataka kusikia.

Ngalula alichomoa kitambaa kiunoni, akampangusa Bwana Adalbert paji la uso, kwa upole kabisa, kama anavyopanguswa mtoto wa mtu. "Baba, sema tu. Usiogope. Hapa tuko banamuke peke yetu."

Stanislas alikohoa.

"Uyu ni wa kazi. Sema, baba. Ulienda fasi gani?"

"Sikuenda popote!"

"Wote wanaanza hivyo."

"Mgongo, madame, ni mgongo tu…"

"Ndio vile, inaanzaka mu mugongo." Aliendelea kumpangusa. "Ukificha, utabaki hapa mpaka Noeli. Ukisema, inafunguka. Mimi nilisema mambo ya mutoto wangu wa tatu mbele ya mama-mukwe, na niko nangali muzima."

Bwana Adalbert alifumba macho. Labda ni maumivu, labda ni mkono ule kwenye paji lake. Hakuna aliyekuwa amemgusa kwa wema tangu ashuke kwenye treni. Alisema jambo, kidogo kidogo.

"Sijawahi kuona mtoto akizaliwa."

"Aya," Ngalula alisema. "Iko na ingine."

"Kabla ya hapa nilikuwa depo ya mizigo. Kule Sakania. Nilipewa siku nane za kuandika Muongozo. Nikachukua kanuni za kupakua mabehewa. Nikabadilisha maneno… mahali pengi."

"Mahali pengi," Stanislas alirudia. Alifunua kurasa taratibu, mtu wa miaka ishirini na miwili ya kazi, akasoma moyoni. Upande wa kuume wa jukwaa. Kinachofika bila karatasi.

"Na mushale?" Clotilde aliuliza. Sauti ilimtoka peke yake. "Bwana Prezida, na mushale?"

"Uko kwenye masanduku," alisema Bwana Adalbert. "Ya vyombo vya kioo."

Clotilde alikumbuka kioo cha Chola cha kunyolea, na jinsi alivyochuchumaa nacho gizani. Alitamani ardhi immeze, kisha akaanza kutetemeka kwa kicheko. Kicheko hakikupata nafasi ya kutoka, kwa sababu Brigitte alishuka kwenye benchi akapiga magoti.

"Mama. Anakuja."

"Meza!" walisema wanafunzi.

Wote waliitazama Meza. Meza ilikuwa na mtu.

"Achana na meza yenu," Ngalula alisema. Alitandaza kitenge sakafuni, akakaa nyuma ya binti yake, akamkumbatia chini ya kwapa. Brigitte alichuchumaa, akashika mikono ya mama yake. "Nani mukunga hapa?"

Wanafunzi watano walimtazama Clotilde, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Hakuwa na breve. Hakuwa amegusa mtu. Likitokea baya lolote, angefutwa kozi, na kidole chake kile cha chai kingechekwa kambi nzima. Alipiga magoti. Mikono yake ilikuwa inanuka boga. "Kifungu cha tatu," kilisema kinywa chake, "mtoto apokelewe…" na mtoto akafika katikati ya sentensi, moto, mtelezi, mzito kuliko alivyodhani, ndani ya mikono yote miwili.

Hakumdondosha.

Alikuwa msichana, na alikuwa kimya. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Mikono ilining'inia.

"Mbona halii?" Brigitte aliuliza. "Mama, mbona halii?"

Ngalula, mwenye sauti ya sokoni, alimbana tu binti yake kifuani.

Kichwa cha Clotilde kilikimbia kutoka cha kwanza hadi cha thelathini na kurudi. "Kinachofika bila karatasi," alisema, "kiwekwe kando mpaka…"

Kitu kilipiga sakafu. Musie Stanislas alikuwa ameutupa Muongozo. Alikuwa amepiga magoti mbele yake, miwani imekaa upande. "Achana nayo, mwanangu. Ile ingine. Ile ya jioni."

Ile isiyo na namba. Clotilde alivuta aproni yake nyeupe, aliyoipiga pasi mara tatu kwa ajili ya siku hii, akamkausha mtoto. Akampangusa kinywa kwa kidole. Akamsugua mgongo. Kimya. Akasugua tena, nguvu kidogo. Kimya. Akaweka kinywa chake juu ya kinywa na pua ile ndogo, akapulizia hewa ya mashavu tu, haba haba. Kifua kikapanda kama kitambaa kinachoguswa na upepo. Akapulizia tena. Hakuwaza cheo, wala breve, wala nani anatazama. Alikuwa anamwambia mtoto yule, ndani kwa ndani, maneno aliyomwambia Annie miaka minne nyuma, ambayo hayakuhesabiwa: njoo, mama, njoo, tuko hapa.

Mtoto alikunja uso. Alikohoa. Kisha akalia, kwa sauti ya bibi yake.

Ngalula alipiga vigelegele mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Wanafunzi walishikana. Stanislas alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Clotilde alimlaza mtoto kifuani mwa Brigitte, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili, akakaa chini kando yao.

"Stanislas," ilisema sauti kutoka juu. "Nishushe sasa."

Muuguzi mzee aliinuka. Aliokota Muongozo, akaupangusa, maana ulikuwa mali ya Serikali. Akachukua daftari kubwa. "Kwa sheria, Bwana Prezida, unashuka mutihani ukiisha. Mutihani unaisha breve zikitiwa saini na Prezida wa Komite."

"Zote?"

"Ziko sita."

Wakamshikia ubao juu ya kifua. Bwana Adalbert aliweka saini sita akiwa chali, miguu hewani, na kwa sababu wino hautaki kupanda, kila saini ilipinda. Ya Clotilde ilipinda kuliko zote. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Kuna daftari pia," Stanislas alisema. Akakaa nalo, akachovya kalamu. "Mahali pa kuzaliwa. Mutoto wa Brigitte: Mahali Pengine. Na hapa banauliza aliyekuwa juu ya Meza leo." Aliandika polepole, akisoma kwa sauti, bila tabasamu lolote. "Jina: Adalbert. Saa za uchungu: tatu. Aliungama: ndiyo. Matokeo…" Akainua kalamu, akamtazama Prezida juu ya miwani, akingoja jibu rasmi.

Annie alikuwa ameingia kutoka kizingitini na hindi lake lililokwisha. Alikuwa amemtazama mtoto mpya, akahesabu vidole vyake. Sasa alizunguka Meza, akachungulia chini yake, akachungulia nyuma yake, akarudi kwa mama yake, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama, huyu bwana hajazaa kitu."